Jina la Guka

Julai iliyopita, katika ile baridi ya ukungu ambayo watu wa Kiriaini tumeizoea, mama mmoja mzee aliingia kwenye kibanda cha chai karibu na steji, pale ninapokaa na kompyuta yangu kuandikia watu kazi zao. Aliniangalia usoni kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ni wewe. Hilo paji la uso ni la baba yangu."

Alikuwa tata, yaani dada ya baba. Nina miaka ishirini na sita na sikuwahi kumwona. Baba mwenyewe nilimwona mara mbili. Walimzika mwaka uliotangulia, na kwenye programu ya mazishi, ambayo niliionea kwenye simu ya rafiki, watoto waliotajwa ni mabinti wawili. Mimi sikuwemo.

Sasa tata alikuwa na ombi: nibadilishe kitambulisho, nichukue jina lao. Kaka yao mkubwa alikufa kijana, wa pili hakuoa, na baba ndiye alikuwa wa mwisho. "Jina linaisha," alisema. "Likiisha, ni kama baba yangu hakuwahi kuishi." Kisha, kwa sauti ya chini zaidi, akataja kipande cha shamba la majani chai.

Siku hiyo sikumjibu. Nimekaa na ombi lake miezi kadhaa, na kadiri ninavyolifikiria, naona swali lenyewe si langu peke yangu. Je, jina likiwa linakufa, kuna mtu anayewajibika kuliokoa?

Sitaliandika jina lenyewe hapa. Ukiitwa Kamau au Mwangi unaweza kujificha katikati ya maelfu. Hili langu ambalo si langu, ukilitaja tu, mtu wa huku atakuonyesha geti. Nililitafuta kwenye simu usiku mmoja nikapata watu sita. Nilipomwonyesha tata, aliwajua wote kwa sura, na watano walikuwa wanawake walioolewa.

Asili yake inachekesha. Guka alipokuwa kijana alienda kuchukua kipande ili aweze kuandikwa kazi kwenye shamba la mzungu. Unajua habari ya kipande: sheria ya 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, ikamlazimu kila mwanamume Mwafrika wa miaka kumi na sita kwenda juu kubeba karatasi yenye jina na alama za vidole, ndani ya kikasha cha chuma kilichoning'inia shingoni. Karani aliuliza jina. Guka, kwa woga, akachelewa kujibu. Rika lake aliyesimama nyuma akajibu kwa niaba yake, akitumia jina la utani walilompa machungani kwa sababu ya mwendo wake. Karani akaandika. Guka akawa huyo. Watoto wake wakaenda shule, mwalimu akataka jina la baba, na utani wa foleni ukawa jina la ukoo.

Nimesema "jina la ukoo," lakini sisi Wakikuyu hatukuwa nalo kwa maana hiyo. Ulikuwa Fulani wa Fulani, na mwanao akawa fulani wako, basi. Kilichozunguka kilikuwa jina la mtu mwenyewe. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba ya baba, wa pili jina la baba ya mama, na wasichana vivyo hivyo kwa bibi zao. Mtoto hapewi jina kama kumbukumbu tu. Anakuwa yule mtu, amerudi. Ndiyo maana utamsikia mama wa miaka thelathini akimwita mtoto wa miaka mitatu "baba," na hatanii.

Kwa hesabu hiyo, mimi, mtoto wa kwanza wa kiume wa baba, ningepaswa kuwa guka. Tata alilisema wazi: "Wewe ndiye baba yangu, ila waliokuandika walikosea."

Hawakukosea. Mama hakuolewa. Na kwa mila hiyo hiyo, mtoto wa mwanamke asiyeolewa hupewa jina kutoka kwao. Kwa hiyo mimi ni baba ya mama, mzee aliyekuwa na ng'ombe wawili na redio moja, na mama huniita baba hadi leo. Jina langu la mwisho ni lake mwenyewe, mojawapo ya yale majina ya mabinti wa Gikuyu na Mumbi, tisa kamili kama wazee wanavyohesabu. Kwenye cheti changu cha kuzaliwa, mahali pa jina la baba pamejazwa alama za X. Sheria ya usajili ilikuwa hivyo: kama wazazi hawakuoana, jina la baba haliingii mpaka wote wawili waombe. Ni mwaka 2016 tu ambapo Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Mimi nilikuwa nimeshazoea kuwa mtoto wa X.

Shuleni walinicheka. Mvulana mwenye jina la mwanamke! Nilipona kidogo siku nilipojua habari za Samuel Wanjiru, yule wa Nyahururu aliyeshinda marathoni ya Olimpiki ya Beijing 2008, Mkenya wa kwanza kuipata dhahabu hiyo. Wanjiru ni jina la mama yake. Dunia nzima ililisoma jina la mama Mkikuyu kwenye ubao wa matokeo na hakuna aliyecheka.

Sasa turudi kwenye kufa kwa majina. Kabla karo haijanishinda nikaacha chuo, nilisoma somo moja la hesabu za uwezekano ambalo sijalisahau. Mwaka 1873 Mwingereza Francis Galton aliuliza swali: kwa nini majina ya familia maarufu yanapotea? Mchungaji mmoja mwanahisabati, Henry Watson, akamsaidia, na mwaka 1874 wakachapisha jibu. Wazo lao tunaweza kulieleza hivi. Kama jina linapita kwa wana wa kiume tu, na kila mwanamume kwa wastani anapata mwana mmoja au chini yake, jina hilo mwishowe litakufa. Hata wastani ukizidi mmoja, bado bahati mbaya inaweza kulimaliza mapema. Mmoja hakuoa, mwingine alipata wasichana watupu, na hadithi ikaisha. Hakuna aliyekosea. Majina machache yanakua na kujaa kila mahali, na mengi yanatoweka kimyakimya.

Hesabu hiyo ilinifariji, kisha ikanitia wasiwasi. Ilinifariji kwa sababu jina la guka haliuawi na mimi. Linakufa kwa namna ambayo majina yamekuwa yakifa siku zote. Wasiwasi ulitokana na Galton mwenyewe, kwani ndiye aliyeanzisha ile imani kwamba watu wa damu "bora" wahimizwe kuzaa na wengine wazuiwe. Kuogopa jina kupotea hakukufanyi uwe mtu mbaya. Lakini ukianza kuamini kwamba jina linakaa ndani ya damu, utaanza pia kupanga watu kwa damu zao.

Nilimuuliza tata, "Na wale mabinti wawili? Kwani hawana jina hilo?"

"Hao wataolewa."

"Wakiolewa si wanaweza kubaki nalo?"

Akanyamaza. Ndipo nikamkumbusha jirani yetu wa upande wa Nyeri, Wangari.

"Yule wa miti?"

Huyo huyo. Wangari alizaliwa Ihithe mwaka 1940, binti ya Muta. Mwaka 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na ya Kati kupata shahada ya uzamivu. Aliolewa na Mwangi Mathai. Ndoa ilipovunjika mahakamani mwaka 1979, Wangari alimsema vibaya jaji kwenye mahojiano ya gazeti. Akahukumiwa miezi sita jela kwa kudharau mahakama, akatoka baada ya siku tatu. Na aliyekuwa mume wake akataka jina lake lirudishwe.

Hapo ndipo pananigusa. Katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka 2006, anaeleza kwamba hata kulichukua jina la mume alisitasita tangu mwanzo, na sasa alipoambiwa aliache aliwaza kwamba yeye si chombo cha kubadilishwa jina kila kinapopata mwenyewe mpya. Akaongeza herufi moja. Mathai ikawa Maathai. Kwa Kikuyu ndivyo linavyotamkwa, kwa a ndefu, kwa hiyo mtu anaweza kusema alirekebisha tahajia tu. Lakini alikuwa ametengeneza jina jipya, na tunajua asili yake kabisa: chumba cha mahakama, mwanamke aliyekataa kufutwa, na herufi moja. Nyumbani kwao, aliyelibeba ni yeye peke yake. Binti yake Wanjira, ambaye naye amejulikana kwa kazi ya mazingira, anaandika Mathai kwa a moja.

Jina la mtu mmoja, basi. Ndilo lililosomwa Oslo mwaka 2004 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani. Mwaka 2011 alipofariki, jina hilo lilibaki bila mrithi, na hakuna anayelia kwamba linaisha. Wangari, kwa upande mwingine, yaani wa chui, hata leo jioni katika wodi fulani kuna kichanga kinapewa jina hilo.

Tata alisikiliza, akanywa chai yake, akasema jambo ambalo sikulitarajia. "Huyo alifanya makubwa. Baba yangu alichuna chai tu. Nani atamkumbuka?"

Hapo hoja yangu nzuri ilipata ufa. Ni rahisi kusema jina hukaa katika matendo ukiwa unamzungumzia mtu wa Nobel. Mzee aliyeishi kimya, akalea, akafa, ana nini zaidi ya jina? Na kama nimekubali kuwa baba ya mama bila kuulizwa, kwa nini nikatae kuwa baba ya tata? Yote mawili niliwekewa na watu wengine.

Nimelifikiria hilo zaidi ya yote, na jibu langu ni hili. Jina la baba ya mama lilikuja na mikono. Lilikuja na mama aliyeamka saa kumi na moja kwenda kuchuna majani, akarudi na mgongo uliolowa, akanilipia kila muhula alioweza kuulipa. Lilikuja na cucu aliyenibeba. Nililipokea pamoja na mzigo uliobebwa kwa ajili yangu, na ndiyo maana nadaiwa. Jina la upande wa pili halikuja siku nilipougua, wala siku ya karo, wala kwenye programu ya mazishi. Katiba ya 2010, ibara ya 53, inampa kila mtoto haki ya kuwa na jina tangu kuzaliwa, na inawapa mama na baba jukumu sawa la kumtunza, wameoana au hawajaoana. Mambo hayo mawili yamewekwa katika ibara moja, na mimi nadhani hivyo ni sawa. Mtu hawezi kudai deni ambalo hakukopesha.

Kuhusu shamba, nilimwambia tata tusilichanganye na jina. Sheria ya urithi ya nchi hii haigawi mali kwa herufi za kitambulisho, na wale mabinti wawili ni watoto wake kamili. Kama kuna haki yangu, ipo au haipo, niitwe vyovyote. Sitaki kununuliwa jina, na sitaki kuwapokonya dada zangu, ambao sijawahi kuketi nao, kitu ambacho wao wamekibeba maisha yao yote. Kama jina lina thamani kiasi hicho, basi wao ndio walioachiwa. Waulizwe wao.

Lakini tata mwenyewe hana kosa. Alinitafuta kijiji kwa kijiji, na miguu yake inamuuma. Hakuwa anatafuta mchunaji wa chai. Alikuwa na miaka sabini na kitu, na kwa muda mrefu hakuna mtu aliyekuwa ameitika aliposema jina la baba yake.

Oktoba nilivuka mto kwenda kumwambia uamuzi wangu. Kitambulisho kitabaki kilivyo. Nilikuwa nimejiandaa kueleza yote haya, kuanzia Galton hadi Wangari. Nilipofika getini, aliniona kutoka jikoni, akaita kwa sauti kubwa lile jina la utani la foleni.

Nikaitika.

Kisha nikaingia, nikakaa, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema wale wasichana watakuja Krismasi, nami nije tujuane. Akanimiminia uji, na akaniita hivyo tena kuniuliza kama natosheka na sukari.