Mrithi Angali Mtoto

Swali hili huulizwa mara nyingi nyumbani mwetu, na katika mafundisho ya kipaimara pia: Mtoto hufikia lini umri wa kukabidhiwa wajibu?

Sheria ya nchi yetu hujibu kwa hesabu ya miaka. Aliye chini ya miaka 10 hahukumiwi kwa kosa la jinai. Na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 humwita mtoto kila asiyetimiza miaka 18. Hesabu hizi ni njema, maana ni boma la kumlinda mdogo asitwikwe mzigo wa mkubwa. Ndiyo sababu mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha, ya kuwa vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu binti aolewe kabla ya miaka 18 havipatani na Katiba. Lakini boma halimnenepeshi ng'ombe. Malisho ndiyo yamneneshayo.

Twasoma katika Maandiko kwamba Yosia alitawazwa akiwa na miaka 8, naye akatenda haki. Rehoboamu alikuwa na miaka 41, akakataa shauri la wazee, ufalme ukapasuka. Basi miaka peke yake haimpi mtu akili.

Habari za Wangoni nazo zatufundisha. Zwangendaba alipofariki katika nchi ya Ufipa, karibu na mwaka 1848, wanawe walikuwa wangali wadogo, na wakubwa wa ukoo wakashika utawala. Ugomvi wa urithi ukazuka, watu wakatengana: Mpezeni akaenda nchi iitwayo sasa Zambia, Mbelwa akaenda iitwayo sasa Malawi, na wengine pamoja na Zulu Gama wakaja pande hizi za Songea. Mrithi kuwa mtoto si kosa lake. Hatari i katika wale wanaoshika mahali pake.

Mtume Paulo awaandikia Wagalatia kwamba mrithi akiwa mtoto yu chini ya wasimamizi, mpaka siku aliyoiweka baba. Angalieni basi: usimamizi una mwisho. Mzazi, mwalimu, na kila mwenye mamlaka ni msimamizi tu. Aliye mwema hutenda kazi ili siku moja asihitajiwe. Aliye mbaya hutaka mdogo abaki mdogo, apate kumtawala siku zote, na tamaa yake huiita busara.

Mtu atasema, "Nikimwachia kijana mali, ataiharibu." Huenda. Kwa hiyo mpe kidogo kidogo: kwanza kuku, kisha mbuzi, kisha sehemu ya shamba. Afadhali aone hasara ndogo akiwa karibu nawe kuliko kubwa akiwa mbali.

Tena amri za nyumba zimfunge na aliyezitoa. Mtoto akiona baba anakataza uongo naye anausema, hajifunzi wajibu. Hujifunza kungoja zamu yake ya kuonea wengine.

Bwana wetu alipokuwa na miaka 12 aliketi kati ya waalimu hekaluni, kisha akashuka Nazareti akawatii wazazi wake. Akili na utii havikugombana.

Basi, mwenye mtoto asiulize umri tu. Na ajiulize: Mwaka huu nimemkabidhi nini, ambacho mwaka jana nilikishika mimi?