Je, Mama Alimaye Hana Kazi?

Bwana wetu Yezu Kristu alipolisha umati kwa mikate mitano na samaki wawili, Mtakatifu Mateo anatupa hesabu ya wanaume: yapata elfu tano. Wanawake na watoto walikuwapo, nao walishiba, lakini hesabu yao hatukuachiwa.

Jambo hili latuletea swali la siku zetu. Kila serikali hutaka kujua ni watu wangapi wafanyao kazi katika nchi. Kwetu Kongo watu wote walihesabiwa mwaka 1984. Baadaye wataalamu walichagua nyumba kadha wa kadha na kuuliza, kama walivyofanya mwaka 2012: Wewe wafanya kazi gani? Sasa mwulizeni mama mmoja wa Luofu swali hilo. Huenda akajibu: «Mimi sina kazi, niko nyumbani tu.» Lakini mama huyo aliamka kabla ya jogoo, akachota maji, akaenda shambani na mtoto mgongoni, akapalilia maharagi. Jioni anapanda mlima akibeba mihogo na kuni kwa ukanda unaokaza paji la uso. Nyumba nzima yala jasho lake. Ikiwa hiyo si kazi, basi kazi ni nini?

Wataalamu wenyewe waliliona neno hili. Mwezi wa Oktoba 2013 walikutana Geneva katika Shirika la Kazi Duniani, wakakubaliana kwamba kazi ni kila shughuli ya kutengeneza vitu au kuhudumia watu, iwe kwa wengine au kwa nyumba yako mwenyewe. Kulima chakula, kupika, kulea: zote ni kazi. Hilo ni kweli tupu. Lakini waliweka pia fungu jembamba zaidi, ndiyo ajira: kazi ifanywayo kwa malipo au faida. Nayo hesabu ya nguvu ya kazi ya taifa hufuata fungu hilo, pamoja na wale wanaotafuta ajira. Mama alimaye hasa ili kulisha watoto wake hayumo.

Tazameni linalofuata. Mwaka 2024, vita vilipofika Kanyabayonga na Kirumba, watu wengi waliacha mashamba, wakakimbilia upande wa Lubero na Butembo. Tuseme mama mmoja alikuwa na shamba lake, akilisha watoto sita: hakuhesabiwa kuwa na ajira. Kisha amepoteza shamba, analima la mtu mwingine apate sahani ya maharagi. Kwa kanuni ile, sasa ndipo anapohesabiwa! Tarakimu imepanda, mama ameshuka.

Je, hesabu ni uongo? Hapana. Kopo la sokoni hupima unga, halipimi kitambaa. Serikali yahitaji kujua nani apata mshahara na nani anautafuta. Kosa ni kudhani kwamba kisichoingia katika kopo si kitu. Kwa hiyo haki yadai hesabu ya pili kando ya ile ya kwanza: saa za shamba, za maji na za kuni. Maana lisilohesabiwa husahauliwa wakati wa kugawa mbegu, visima na barabara.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi wa mwaka 1981, alifundisha kwamba heshima ya kazi yatoka kwanza katika hili: anayeifanya ni mtu. Haitoki kwanza katika bei.

Lakini iko hesabu isiyongoja serikali, ile ya nyumbani. Mume mkristu akiuza gunia la maharagi, akatia fedha zote mfukoni na kusema «mavuno yangu», amekosa kuliko wataalamu. Wao hawakumwona mama akipalilia, yeye alimwona. Mwisho wa kitabu cha Mithali wamsifu mke hodari, wala hauishii katika sifa: waagiza apewe matunda ya mikono yake. Basi, wababa, sifa za Dominika hazitoshi. Ketini na wake zenu, hesabuni pamoja, amueni pamoja.

Nanyi, wamama, mkiulizwa kazi yenu, msijibu tena «sina». Jibuni: «Ninalima.» Ni kweli mbele ya watu, na Mungu aijua tangu zamani.