Mizani Nayo Ipimwe

Atuuziaye jahazi twamwuliza lilijaribiwa wapi. Akijibu kuwa lilijaribiwa bandarini, maji yakiwa shwari, hatumwamini. Jahazi huundwa kwa ajili ya mawimbi. Ajabu ni kwamba hadhari hii hutuponyoka tunapoletewa hesabu.

Mwaka 1884 nchini Marekani, mwanajeshi John Finley alitabiri vimbunga vya bara, vile vinavyozunguka kama pia na kung'oa mapaa. Katika mara 2,803 alizotoa kauli, alipatia mara 2,708: asilimia 96.6. Mwaka huo huo mwanajiolojia G. K. Gilbert aliikosoa hesabu hiyo, na kasoro yake i wazi. Vimbunga vilitokea mara 51 tu. Basi ambaye angekariri kila mara kuwa hapatatokea kimbunga angepatia mara 2,752, yaani asilimia 98.2, bila ya kuinua macho mbinguni.

Je, Finley hakuwa na ilimu? Alikuwa nayo: katika mara hizo 51 alibashiri 28, yule mkariri asingebashiri hata moja. Kipimo kile kilimpa Finley sifa asiyoistahiki, kisha kikamweka chini ya mtu asiyejua lolote. Aibu haikuwa ya utabiri. Ilikuwa ya mizani.

Leo kompyuta zinaiga mwendo wa upepo, wa maradhi na wa masoko. Aghalabu mwenye kuunda mwigo huurekebisha hadi ulingane na yaliyopita, kisha huutahini kwa yayo hayo yaliyopita. Kila mwamba ngozi huvutia kwake. Mtihani wenye faida huuliza mambo ambayo mwigo haujapata kuyaona. Huushindanisha na kisio jepesi, kama vile kusema kesho itafanana na leo. Na hutaja mapema ni jibu gani litakaloufelisha. Asiyekubali kushindwa si mshindani.

Hata hivyo, lipo swali ambalo hesabu peke yake hailijibu: kosa hulipwa na nani? Dhoruba isiyotabiriwa humzamisha mvuvi. Dhoruba iliyotabiriwa na isitokee humlaza na njaa. Kuyahesabu makosa haya mawili kuwa sawa ni hukumu ya kimaadili iliyovishwa joho la tarakimu. Achaguaye kipimo amekwisha kuchagua nani aumie, naye mara nyingi yuko nchi kavu.