Usawa Uliomo Ndani ya Difu

Masika yakikolea, barabara za udongo zinazopanda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho na Uru huteleza kama sabuni, na gari lenye injini kubwa huweza kukwama kwa sababu tairi moja tu la nyuma limeingia topeni. Hilo huzunguka bure. Mwenzake aliye juu ya mawe amesimama kimya. Watazamaji husema nguvu yote ya kuzungusha imeishia kwenye tope. Si kweli. Difu ya kawaida, yaani gia zilizo kati ya matairi mawili ya ekseli, huzigawia pande mbili nguvu ya kuzungusha sawa kwa sawa, bila upendeleo. Lakini tairi la topeni haliwezi kupokea ila kidogo, na kwa kuwa mgawo ni sawa, la kwenye mawe nalo hupata kidogo hicho hicho. Gari limekwamishwa na usawa.

Mwaka 1979 mwanauchumi Amartya Sen aliuliza katika mhadhara wake: usawa wa nini? Difu inalo jibu. Ikiwa huru, nguvu ni sawa na mizunguko hutofautiana. Ikifungwa, mizunguko hulazimishwa kuwa sawa, na nguvu hufuata tairi linaloshika ardhi. Penye mawe upande huu na tope upande ule, vyote viwili havipatikani kwa pamoja. Kwa hiyo anayedai mgawo wa haki hajasema kitu mpaka ataje kinachosawazishwa, na kwa ajili ya safari gani.

Atatokea wa kusema hii ni falsafa ya matajiri: aliye pakavu aongezewe, aliyezama asubiri. Pingamizi hilo ni zito, hasa katika nchi iliyotangaza Azimio la Arusha, la ujamaa na usawa, mwaka 1967. Lakini tairi la kwenye mawe haliongezewi nguvu ili liondoke peke yake. Gari ni moja, na kipimo cha mgawo ni kama lile la topeni limetoka. Tena difu haifungwi siku zote. Kwenye lami, gari likikata kona, tairi la nje huenda mwendo mrefu kuliko la ndani, na difu iliyofungwa huyaburuza matairi, hata ikavunja ekseli. Tope likiisha, na upendeleo uishe (hapo ndipo wengi wa walioongezewa hujifanya hawajaiona lami).

Wachagga wa Kilimanjaro waliyapanga haya kwa maji kabla gari halijafika mlimani. Mfongo, yaani mfereji wao wa kumwagilia, haukugawanywa vijito vyembamba kwa vihamba (mashamba ya migomba) vyote kwa wakati mmoja, maana kijito chembamba hunywewa na udongo kabla hakijaifikia migomba. Mkondo ulipelekwa kwa zamu. Mtu atasema matairi si watu, na hapo nakubali. Katika magari ya siku hizi kompyuta hulibana kwa breki tairi linaloteleza, na ukinzani huo humwongezea nguvu mwenzake. Tairi hilo halikuulizwa, wala halina la kuulizwa. Mtu anayeambiwa asubiri zamu ana haki ya kuwamo katika kikao kinachoipanga. Mfongo wenyewe ulipungukiwa hapo: wanawake walilima na kuchota maji, lakini kwa desturi upangaji wa zamu ulikuwa wa wanaume.