Mwenye Kusikia Kiapo

Kiapo ni kitu cha ajabu katika mambo ya wanadamu. Hakina uzito wala rangi, hakikamatiki kwa mkono, na hutamkwa kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha birika la maji. Hata hivyo taifa zima husimama kukingoja. Nimeishi na swali la kiapo kwa miaka kumi sasa, wala sikulitafuta mwenyewe. Lililetwa nyumbani kwangu Chamazi na wanafunzi.

Desturi yangu ni hii. Kila Rais wa Jamhuri ya Muungano anapoapishwa, huwapa wanafunzi wangu wa insha kazi ya kuandika taarifa: waliona nini, walisikia nini, wapi, saa ngapi. Jumamosi moja baadaye, wale wanaokaa Mbagala, Mbande na vitongoji vya karibu huja kwangu, tukakaa juu ya mkeka chini ya mkorosho uliosalia peke yake baada ya wenziwe kukatwa kupisha nyumba, na kila mtu akasoma alichoandika. Nia yangu ya kwanza ilikuwa ndogo. Nilitaka wajifunze kuandika sentensi iliyonyooka juu ya jambo lililopita mbele ya macho yao.

Alhamisi ya tarehe 5 Novemba 2015 vijana tisa waliondoka Chamazi kabla ya mapambazuko. Walipanda daladala hadi Mbagala Rangi Tatu, wakafuata Barabara ya Kilwa mpaka Chang'ombe, ambako Uwanja wa Uhuru, ule ambao watu huuita Shamba la Bibi, ulikuwa umekwisha anza kujaa. Siku hiyo John Pombe Magufuli aliapishwa na Jaji Mkuu Mohamed Chande Othman kuwa Rais wa 5. Taarifa zao zilikuwa na uhai mwingi. Mmoja alihesabu mizinga 21 na kuapa kwamba hakukosea hata mmoja. Mwingine alieleza mkuki na ngao, jinsi vilivyong'aa juani mkononi mwa Rais mpya. Wa tatu alitumia ukurasa mzima kwa joto la jukwaani na bei ya maji ya kunywa nje ya lango, wala sikumlaumu, kwa kuwa ukurasa ule ulikuwa bora kuliko zote.

Walipomaliza kusoma niliwauliza, "Rais ameapa nini?"

Wakatazamana. Kisha kijana mmoja, mcheshi wa kundi, akasema, "Mwalimu, ameapa kuwa Rais."

Tulicheka sote, na yeye alicheka pamoja nasi. Lakini kicheko kilipokwisha nilibaki na fadhaa. Watu tisa wameamka usiku, wamesimama juani nusu ya siku ili neno lisemwe mbele yao, na wamerudi nyumbani na kila kitu isipokuwa neno lenyewe. Fadhaa yangu ilikuwa kubwa zaidi kwa kuwa hata mimi, niliyeuliza, nisingeweza kujibu bila ya kufungua kitabu.

Tulikifungua. Rais wetu hula viapo viwili. Katika cha kwanza huahidi uaminifu kwa Jamhuri ya Muungano, na kwamba ataihifadhi, atailinda na kuitetea Katiba. Katika cha pili huahidi kutenda kazi ya Urais na kuwatendea watu wote haki kwa mujibu wa sheria, mila na desturi, bila woga wala upendeleo, bila huba wala chuki. Neno huba liliwashangaza vijana. Washairi wetu wamelizoeza kazi nyingine, ya mito na machozi, na hapa linatokea katika kinywa cha mkuu wa nchi kama jambo la kuepukwa. Nadhani aliyeliweka hapo alijua alifanyalo. Mwenye kuonea watu kwa chuki hutambulikana upesi. Anayeonea watu kwa kuwapenda wengine kupita kiasi huweza kufa akihesabiwa mkarimu.

Ndipo tukaingia katika swali ambalo halijatuacha: kinachomfunga mwenye kuapa ni nini hasa? Binti mmoja alijibu kwamba ni Mungu, maana ndiye anayetajwa na ndiye asiyesahau. Masikio ya watu, alisema, ni mapambo. Mwenzake akajibu kwamba ni sheria. Ibara ya 42 ya Katiba yataka Rais mteule aape mbele ya Jaji Mkuu kabla ya kushika madaraka, basi. Jaji Mkuu akiwapo, kiapo kimetimia, hata uwanja ukiwa mtupu.

Majibu yote mawili yana nguvu, nami sikuweza kuyabomoa. Lakini mimi ni mtu wa lugha, na mtu wa lugha akibanwa hukimbilia maneno. Tazama, msomaji, jamii ya neno hili. Kuna kuapa, na kuna kuapisha, ambako mtu humwapisha mwenziwe. Kuna kuapia, yaani kumwelekezea mtu kiapo. Na kuna kuapiza, ambako ndiko kulaani. Shina moja limezaa ahadi na laana, kana kwamba waliounda lugha hii walijua kwamba anayetoa ya kwanza ameishika ya pili mkononi. Tena hatusemi tu kwamba mtu anatoa kiapo. Twasema anakula kiapo. Hili halikuwa fumbo hapo zamani. Katika pwani yetu palikuwa na kiapo cha mkate na kiapo cha mchele: mtu aliyeshukiwa alilishwa chakula kilichosomewa maneno, na aliyeshindwa kumeza alihesabiwa ana hatia. Sitetei hukumu za namna ile; koo hukauka kwa hofu hata kwa asiye na kosa. Ninachokitaja ni kwamba mambo hayo yalifanyika hadharani. Mungu aliombwa, mwenye ujuzi aliendesha shughuli, lakini watu wa mtaa ndio waliotazama koo likimeza. Kama Mungu na mwendeshaji wangetosha, mambo yale yangeweza kumalizwa chumbani.

Jirani zetu wa Kenya wamelijua jambo hili kwa gharama kubwa. Tarehe 30 Desemba 2002 Mwai Kibaki aliapishwa katika bustani ya Uhuru mjini Nairobi, mchana, akiwa katika kiti cha magurudumu kwa sababu ya ajali, mbele ya umati usio na idadi. Miaka mitano baadaye, tarehe ileile ya 30 Desemba, mwaka 2007, mtu yuleyule aliapa tena kwa Katiba ileile. Safari hii ilikuwa jioni, katika viwanja vya Ikulu, mbele ya watu wachache, mara tu baada ya kutangazwa matokeo ambayo wapinzani wake walikuwa wakiyakataa. Jaji Mkuu alikuwapo. Mungu, kwa imani yangu, alikuwapo. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 1,100 waliuawa. Sitasema kwamba walikufa kwa sababu ya kiapo kilicholiwa jioni. Sababu zilikuwa nyingi na baadhi zilikuwa za zamani. Lakini Wakenya wenyewe, walipoandika Katiba mpya mwaka 2010, waliona haja ya kutia katika Ibara ya 141 kwamba Rais mteule ataapishwa hadharani, na sheria iliyofuata ikaweka hata saa zake, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Hata jua limeitwa kuwa shahidi.

Hoja hii niliipenda mno, na kama ilivyo kawaida ya hoja zipendwazo mno, ilipata mtu wa kuichoma. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka 2021. Tulikuwa tumekutana baada ya tarehe 19 Machi, siku ambayo Samia Suluhu Hassan aliapishwa Ikulu ya Dar es Salaam na Jaji Mkuu Ibrahim Juma, siku mbili baada ya kutangazwa kifo cha Rais Magufuli. Juu ya siku hiyo sina mengi ya kusema. Watu waliokuwapo walikuwa wachache, nchi ilikuwa katika msiba, na vijana walitazama televisheni kwenye maduka ya Mbande. Lakini nilikuwa nimewaonya mapema, na safari hii maneno ya kiapo yaliandikwa. Basi nilipowaeleza habari za Kibaki, kijana huyo akauliza, "Na Raila je, Mwalimu?" Alikuwa na haki ya kuuliza. Tarehe 30 Januari 2018 Raila Odinga alikula kiapo cha kuwa rais wa wananchi katika bustani ileile ya Uhuru, mchana, mbele ya umati mkubwa, na serikali ilizima vituo vya televisheni ili kisionekane. Masikio yalikuwa maelfu. Urais haukupatikana.

Nililala na swali hilo siku nyingi, na hivi ndivyo ninavyolijibu sasa. Anayesikia hampi mwapaji madaraka. Hayo hutoka kwa sheria, na sheria nayo, ikiwa njema, hutoka kwa kura. Msikilizaji hupokea deni. Yeye ndiye atakayeweza kusimama siku moja na kusema: nilikuwapo, ulisema hivi. Deni lisilo na shahidi ni deni bado, lakini mdai wake hana pa kuanzia. Kwa hiyo wale tisa wa mwaka 2015 walikosa jambo kubwa kuliko zoezi la insha. Walikabidhiwa hati wakairudisha na picha ya karamu.

Hapo ndipo nilipokuwa nimefika, nami nilikuwa nimeridhika na hikima yangu, ulipokuja mwaka 2025.

Uchaguzi ulifanyika tarehe 29 Oktoba. Tundu Lissu alikuwa gerezani kwa shitaka la uhaini, na chama chake hakikuwamo katika uchaguzi. Siku hiyo maandamano yalizuka Dar es Salaam na miji mingine, risasi zikapigwa, watu wakafa, na hesabu yao imebishaniwa tangu hapo. Intaneti ilikatwa. Jijini kwetu iliwekwa amri ya kutotoka nje usiku. Chamazi, ambako muziki wa harusi hutunyima usingizi kila mwisho wa juma, ilinyamaza hata nikawa nasikia korosho zikianguka juu ya bati. Tarehe 1 Novemba Rais Samia alitangazwa mshindi kwa karibu asilimia 98 ya kura. Jumatatu ya tarehe 3 aliapishwa Dodoma na Jaji Mkuu George Masaju, katika uwanja wa gwaride ambao umma haukuruhusiwa kuingia. Televisheni ya taifa ilionyesha.

Nami, kwa mazoea, niliwatumia wanafunzi ujumbe wa simu: andikeni taarifa. Ninapoukumbuka ujumbe ule naona haya. Niliuandika kama mtu anayeuliza habari za maulidi.

Karatasi zilikuja baada ya majuma, nazo zilikuwa chache. Mbili ndizo ninazotaka kuzisema. Ya kwanza ilitoka kwa kijana wa Mbagala. Alikuwa ameketi mbele ya televisheni ya baba yake mdogo na kuandika kila kitu: saa, mavazi, majina ya wageni, na viapo vyote viwili neno kwa neno. Ya pili ilitoka kwa binti anayepanga chumba karibu nami. Ilikuwa na tarehe, jina lake, na neno moja: Sikuwapo.

Walipokutana barazani walibishana, na sijapata kusikia ubishi wa adabu na ukali kama ule. Binti alisema kwamba shahidi ni mtu aliyeitwa. Mtu aliyefungiwa mlango hawi shahidi kwa kuchungulia tundu la kioo, na kuandika taarifa kama kwamba alikuwapo ni kukipa kiapo kile wasikilizaji ambao hakikuwataka. Kijana akajibu, "Dada, kama sisi hatukusikia, basi hakusikia mtu. Na kama hakusikia mtu, ni nani atakayeulizia?"

Kwa hoja, niko upande wa kijana. Kukataa kusikia kiapo kwa sababu unatilia shaka uchaguzi uliokileta ni kumwachilia mwapaji huru; anayejiita Rais, akiisha kutamka kwamba atawatendea watu wote haki, amejifunga kwa tamko hilo hata kwa yule asiyemkubali, na pengine kwa huyo zaidi. Neno halimtoki mtu kwa hiari yake kisha likachagua litamwajibisha kwa nani. Nilisema hivyo, kwa maneno mengi kuliko haya.

Binti alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba siku ile ya Jumatatu, saa ambayo kiapo kilikuwa kikiliwa, alikuwa akitembea kutoka hospitali moja hadi nyingine akimtafuta kaka yake, ambaye simu yake ilikuwa imezimika tangu Jumatano. Alimpata kesho yake Kongowe kwa rafiki, mzima, hajathubutu kutoka. "Mwalimu," akasema, "sikukataa kusikia. Sikuwapo."

Sikuwa na la kumjibu, na hata leo sina la kutosha. Nilikuwa nimemweka msikilizaji katika falsafa yangu kama jiwe la mpaka, limekaa tu, kazi yake kuwapo. Sikuwa nimefikiri kwamba kusikia kwahitaji utulivu fulani wa maisha, na kwamba mtu anaweza kunyimwa utulivu huo na siku ileile anayotakiwa kuishuhudia.

Tarehe 18 Novemba iliundwa tume ya kuchunguza yaliyotokea, na mwenyekiti wake akawa Mohamed Chande Othman, jaji mkuu mstaafu, yuleyule aliyeapisha katika Shamba la Bibi miaka kumi nyuma. Niliposoma jina lake nilizitoa sandukuni karatasi za wale tisa, nikazisoma tena, mizinga, mkuki, bei ya maji.

Karatasi mbili za mwaka 2025 sikuzitia alama. Mwezi Desemba binti alibisha hodi akaomba kuazima karatasi ya mwenziwe. Alikaa palepale mkekani, akaweka karatasi yake juu ya goti, na chini ya neno lake moja akaanza kunakili viapo, polepole, kwa mwandiko wake mdogo. Hakulifuta lile neno la juu. Alipofika mahali fulani aliinua kalamu akaniuliza kama mwenziwe hakukosea, kama ni kweli waliandika huba.

Nikamwambia ndivyo lilivyo.