Neno "Baba" katika Kitabu cha Kwanza

Wako wazee waonao kwamba kitabu chenye picha za harusi, ubatizo au Noeli ni kitu cha kuchezea tu, wala hakimfai mtoto ajifunzaye kusoma. Sisi hatuoni hivyo. Luther mwenyewe, mwaka 1529, alitia picha katika kitabu cha sala kwa ajili ya watoto na watu wasio na elimu. Na mwaka 1658 kitabu cha picha cha Comenius, askofu wa Umoja wa Ndugu, kilipigwa chapa huko Nürnberg kwa kufundishia watoto. Mtoto wa miaka mitano huijua karamu kabla hajajua herufi moja. Ajua kwamba kuni hutangulia chungu, na chungu hutangulia sinia. Basi aonapo picha ya shangazi apepetaye mchele, hubashiri neno lililoandikwa chini, nazo herufi humhakikishia. Huko si kuigiza kusoma; ndiko kuanza kusoma.

Tena lugha yetu imetufanyia wema. Majina ya jamaa ni mepesi mno kuyaendeleza: ba-ba, ma-ma, ka-ka, da-da, bi-bi. Silabi moja husemwa mara mbili, nalo neno limekwisha.

Lakini hapo ndipo penye swali gumu. Neno lililo jepesi kwa macho laweza kuwa zito kwa moyo. Yuko mtoto aliyefiwa na baba, na yuko ambaye baba yake hakujulikana. Mwalimu afunua ukurasa: baba ameketi, watoto wamemzunguka, nyama ya mbuzi inagawanywa. Wote wapaza sauti, "Baba!" Yule mmoja anyamaza, na mwalimu asiyeangalia humhesabu kuwa mzito wa kusoma. Je, ametendewa haki?

Wengine husema neno hilo liondolewe. La, hasha. Neno lililofichwa darasani atakutana nalo njiani, naye atakuwa amekwisha kufundishwa kwamba nyumba yao ni jambo la kufichwa. Wala lugha yenyewe haikumnyima: yuko baba mkubwa, yuko baba mdogo, nao hawakuitwa hivyo kwa heshima tu, bali kwa sababu ya kazi iwapasayo. (Siku hizi wapo wenye jina bila kazi, nasi twawafahamu.) Basi picha nyingine na imwonyeshe baba mdogo akigawa nyama, au bibi, naye mwalimu aulize, "Mnamwona nani hapa?" wala asiulize, "Baba yako yuko wapi?"

Mchoraji naye apunguze fahari. Wakati wa Noeli, watu warudipo kwao Kilimanjaro kutoka Dar es Salaam na Arusha, motokaa na nguo mpya ndizo zivutazo macho, na mtoto asiye navyo hubaki nje ya kitabu. Bali kuteka maji, kufagia uwanja na kumenya ndizi ni kazi zijulikanazo na watoto wa nyumba zote. Zikichorwa hizo, chini yake likaandikwa neno moja moja, mtoto wa maskini ataweza kusoma mbele ya wenzake, hata kumcheka mchoraji aliyekosea namna ya kushika kisu.