Haki si Somo Moja kwa Wote



Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, nyumba zetu ziligeuka madarasa. Watoto wengi walikaa nyumbani hadi Januari 2021. Likizo nazo hutuletea swali lilelile: je, kuwatendea watoto haki ni kuwafundisha wote sawasawa?

La hasha. Mnapopima omena, wa miaka mitano ahesabu gorogoro, wa tisa akokotoe bei, wa kumi na tatu atafute faida baada ya kutoa gharama. Kazi ni moja, mzigo si mmoja, na kila mmoja atacheka akipatia.

Mdogo asiambiwe, “Mbona dada yako anajua?” Neno hilo huua hamu ya kusoma na kupanda wivu kati ya ndugu. Wala dada asigeuzwe yaya. Naye ni mwanafunzi.

Baba, usimwachie mama kazi hii peke yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulifundisha mwaka 1965 kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Ninyi wawili, si mmoja. Leo jioni ulizaneni: ni mtoto yupi tunayemlinganisha mno na wenzake?